Seva yako haihitaji RAM, inahitaji balozi wa nyumba kumi

Mei 2024, mkongo wa baharini ulipokatika na intaneti ikawa ya kusuasua sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, mimi nilifurahi kidogo. Nakiri. Kwa wiki kadhaa kabla ya hapo, dada wa kaunta wa SACCOS moja ninayoitunzia mfumo pale Morogoro alikuwa akinipigia karibu kila siku kwenye saa nne asubuhi. "Kaka, mfumo unazunguka tu, na wanachama wamejaa hapa." Jibu langu lilikuwa moja: mtandao, dada, vumilia. Sasa watu wote wakawa wanalia na mtandao, nami nikapata ushahidi. Nikamwambia, si unaona mwenyewe?

Mkongo ukatengenezwa. WhatsApp ikarudi kwenye kasi yake, watu wakarudi kuangalia video zao. Mfumo wangu ukabaki unazunguka vile vile, na dada akaacha kupiga simu. Ule ukimya uliniuma kuliko simu zenyewe.

Basi maoni yangu ni haya, na najua yatawaudhi baadhi ya wenzangu tunaojiita watu wa mifumo: sehemu kubwa ya uzito tunaousingizia mtandao, na mtandao ukipona tukausingizia udogo wa seva (kompyuta inayoendesha mfumo), tumeuandika wenyewe kwa mikono yetu. Huku kwetu mtandao ni kisingizio kizuri mno kwa sababu kweli huwa unasumbua. Mteja hana namna ya kukubishia. Kwa hiyo swali bovu la kanzidata, yaani ombi la kutafuta taarifa kwenye hifadhi ya data ya mfumo, linaweza kuishi miaka mitano ndani ya mfumo bila mtu kulishtukia, likijificha nyuma ya bando.

Kumbe kujua ukweli hakuhitaji hata senti. Ingia kwenye seva yenyewe kwa SSH, njia ya kuiamuru seva ukiwa mbali, fungua kanzidata, kisha uliza hapo hapo lile swali linaloulizwa na ukurasa mzito. Hapo hakuna mkongo, hakuna mnara wa simu, hakuna bando. Mimi nilipofanya hivyo, taarifa ya mwanachama mmoja ilichukua sekunde tisa na ushei. Sekunde tisa, seva ikizungumza na nafsi yake.

Nilichofanya baada ya hapo si cha kujivunia. Nilihamia kisingizio cha pili. Seva ile ni ndogo kweli: kiini kimoja cha prosesa, RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 2, na humo humo kuna Nginx inayohudumia kurasa, PHP inayoendesha programu na MySQL, ndiyo kanzidata yenyewe, wanabanana kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni. Nikaandika barua kwa mwenyekiti wa bodi kuomba mashine kubwa mara mbili. Bei yake ni kwa dola, kila mwezi, kwa kadi, na dola ikipanda ndiyo imepanda. Wanachama wanaoilipia ni mama ntilie, madereva wa bodaboda na wenye vibanda vya mahindi. Barua ilikuwa tayari kwenye rasimu. Nilichelewa kuituma kwa sababu umeme ulikatika. Kuna siku TANESCO nao wanaokoa fedha za watu.

Umeme uliporudi nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya mwezi mzima kabla. Nikaandika neno EXPLAIN mbele ya lile swali.

Ambaye hajawahi kulitumia: neno hilo linaiambia kanzidata, usinipe jibu, nieleze utakavyolitafuta. MySQL hukujibu kwa jedwali dogo lenye safu kadhaa, na mimi husoma tatu tu kwanza. Safu ya type ilisema ALL. Safu ya key ilisema NULL. Safu ya rows ikaonyesha milioni moja na laki moja na kitu. Kwa Kiswahili cha mtaani: ili kupata miamala kama mia tatu ya mwanachama mmoja, seva ilikuwa inasoma miamala yote ya wanachama wote tangu mfumo uanze, mmoja baada ya mwingine, halafu inatupa karibu yote. Kila mtu alipofika kaunta kuulizia salio. Kila mara.

Fikiria umetoka mkoani, unamtafuta mzee Saidi wa Manzese. Hakuna mwenye akili atakayeanzia Tip Top akigonga kila mlango akiuliza "hodi, mzee Saidi anaishi hapa?" Utamtafuta balozi wa nyumba kumi. Naye balozi hukumfikia kwa bahati, umeelekezwa mkoa, ukaingia wilaya, ukashuka kata, ukafika mtaa. Hatua nne tano tu na umesimama mlangoni, katika nchi yenye mamilioni ya nyumba.

Faharasa ya kanzidata ndivyo ilivyo, karibu neno kwa neno. Umbo linalotumika sana linaitwa B-tree, lilibuniwa na Rudolf Bayer na Edward McCreight walipokuwa kampuni ya Boeing, wakalichapisha 1972. (Hiyo B hawakuwahi kusema inasimama badala ya nini. Mimi naisoma Balozi.) Katika InnoDB, sehemu ya MySQL inayohifadhi data, kila ukurasa wa mti huo una KB 16 na unabeba mamia ya anwani zinazoelekeza kwenye kurasa za chini yake. Mamia mara mamia mara mamia, hatua tatu zinatosha kufikia mamilioni ya rekodi. Seva ndogo ina uwezo mkubwa sana wa kupiga hatua tatu. Isichoweza ni kugonga milango milioni moja huku PHP ikisubiri na wanachama ishirini wamejipanga foleni.

Dawa ilikuwa mstari mmoja:

CREATE INDEX idx_mwanachama_tarehe ON miamala (mwanachama_id, tarehe);

Niliupiga usiku, baada ya kuchukua nakala ya akiba. Swali la sekunde tisa likaanza kujibiwa chini ya sekunde 0.01. Ile barua ya mwenyekiti nikaifuta, na hadi leo hajui kama iliwahi kuwepo.

Angalia mpangilio ndani ya mabano, maana hapo ndipo wengi hujikwaa. Mwanachama kwanza, tarehe baadaye. Ningeanza na tarehe, faharasa ingemsaidia anayetafuta miamala ya siku fulani, lakini anayetafuta miamala ya mtu mmoja isingemfaa kitu. Ni sawa na kupewa namba ya nyumba bila kutajiwa mtaa.

Nilivyoona muujiza ule, nikapagawa. Ndani ya wiki jedwali lile lilikuwa na faharasa kumi na moja, nikiweka kila nilipohisi huenda itasaidia. Kisha dada akapiga simu tena (afadhali alipiga): sasa kuangalia salio ni haraka, lakini kuingiza marejesho ya kikundi kizima kumekuwa kuzito. Bila shaka. Kila muamala mpya unaoingia lazima uandikishwe kwa kila balozi, na mimi nilikuwa nimeteua mabalozi kumi na mmoja kwenye mtaa mmoja, nusu yao hawajawahi kuulizwa na mtu. Nikapunguza hadi nne.

Halafu kuna zile ambazo faharasa ipo, umeiona kwa macho, na bado seva inagonga milango. Hizi ndizo zilinifundisha zaidi, na ndizo ninazoziona kwenye mifumo ya wenzangu kila nikiitwa kusaidia.

Ya kwanza ni namba ya simu. Kwetu namba ya simu ndiyo utambulisho wa mtu, malipo ya simu yakiingia tunamtafuta mwanachama kwa namba yake. Safu ya simu ilikuwa ya maandishi, VARCHAR, kama inavyotakiwa, na ilikuwa na faharasa. Lakini programu yangu ilikuwa inatuma namba bila alama za kunukuu, WHERE simu = 2557 na tarakimu zinazofuata. MySQL ikiona upande mmoja ni maandishi na mwingine ni namba, inageuza yote kuwa namba ndipo ilinganishe. Na kwa kuwa maandishi mengi tofauti yanaweza kugeuka kuwa namba ile ile, yenye nafasi mbele, yenye sifuri mbele, hata yenye herufi mwishoni, haiwezi tena kuamini mpangilio wa faharasa. Inaiacha, inasoma jedwali zima. Jibu linatoka sahihi, ndiyo maana huoni kosa. Alama mbili za kunukuu zilimaliza kazi. Nilikaa nazitazama zile alama muda mrefu.

Ya pili ni tarehe. Ripoti ya kufunga siku iliandikwa WHERE DATE(tarehe) = '2024-05-31'. Inasomeka vizuri, hata mwalimu angekupa vema. Ila ukishaifunika safu kwa DATE(), unaitaka seva ikokotoe tarehe ya kila rekodi kwanza ndipo ijue ipi inafaa. Iache safu peke yake: tarehe >= '2024-05-31' AND tarehe < '2024-06-01'. Maana ile ile, ila sasa seva inajua pa kuanzia na pa kuishia, mradi kuna faharasa inayoanza na tarehe. LIKE (kutafuta kwa kipande cha neno) yenye alama ya asilimia mbele ya neno ni ndugu yao. Huwezi kutafuta jina kwenye orodha iliyopangwa kialfabeti kama hujui linaanza na herufi gani.

Kosa lingine halihusu swali moja zito, linahusu utitiri wa maswali mepesi. Ukurasa wa orodha ya wanachama ulikuwa unaleta majina hamsini, kisha kwa kila jina unarudi tena kuuliza salio lake. Maswali hamsini na moja kwa ukurasa mmoja. Kwenye ripoti ya wanachama wote 3,800, piga hesabu mwenyewe. Ni kama kumtuma mtoto dukani akanunue chumvi, akirudi unamtuma kiberiti, akirudi unamtuma sukari. Duka liko jirani, mtoto ana mbio, lakini chai itachelewa tu. Mwandikie karatasi aende mara moja: JOIN moja, inayounganisha majedwali ndani ya swali moja, au orodha moja ya namba ndani ya IN. Wanaotumia Laravel, zana ya kuandikia programu za PHP, wanajua neno with() linalofanya hivyo. Wanalijua lakini hawalitumii, kwa sababu kwenye kompyuta ya mwandishi, yenye RAM ya GB 16 na wanachama kumi wa majaribio wanaoitwa Test1 hadi Test10, kila kitu kinaruka. Siku hizi kabla sijapeleka chochote kwa mteja najaza rekodi laki tano za uongo kwanza. Inachukua dakika chache na inanishusha kiburi mapema, nikiwa nyumbani, badala ya kushushwa kaunta mbele ya watu.

Utayapataje haya yote bila kubahatisha? MySQL ina daftari la maswali ya polepole, slow_query_log, ila linakuja likiwa limezimwa, na hata ukiliwasha, kiwango cha kawaida cha kuhesabiwa polepole ni sekunde kumi. Kwa kiwango hicho, swali langu la sekunde tisa lilikuwa la haraka! Shusha long_query_time hadi 1, na kwa siku moja ya kazi ishushe hata hadi 0.2. Kisha ukisoma daftari lile, usikimbilie lile lenye muda mrefu kuliko yote. Ripoti ya sekunde arobaini inayoombwa mara moja kwa siku imekula sekunde arobaini. Swali la sekunde 0.3 linaloulizwa mara 20,000 kwa siku limekula dakika mia moja za prosesa yako, na hakuna hata mtu mmoja atakayelilalamikia kwa jina. Programu ndogo ya mysqldumpslow, inayokuja na MySQL yenyewe, inakupangia kwa jumla ya muda ukiipa -s t.

Lakini fundisho kubwa nililipata kwa mzee mmoja aliyekuwa mhasibu wa chama hicho kabla kompyuta hazijafika. Salio la mwanachama katika mfumo wangu lilikuwa ni jumla ya amana zake zote toa alichotoa, likikokotolewa upya kila linapoulizwa. Hata baada ya faharasa, ripoti ya jumla ya wanachama wote ilikuwa bado inakokota, kwa sababu hapo huwezi kukwepa milango: unataka yote, lazima usome yote. Nilikuwa nimekaa ofisini na kompyuta, mzee amekuja kufuatilia mambo yake, akaniuliza nahangaika na nini. Nikamweleza kwa lugha rahisi. Akashangaa. "Kwa hiyo kila siku unajumlisha tangu mwanzo? Wewe hufungi mwezi?"

Kwenye daftari lake la zamani, kila ukurasa mpya ulianza na mstari mmoja juu kabisa: salio lililoletwa mbele. Hakuna mhasibu aliyewahi kurudi kujumlisha kuanzia ukurasa wa kwanza kila mteja anapofika dirishani. Angefukuzwa kazi. Mimi niliye na shahada nilikuwa namfanyisha MySQL kazi ambayo karani wa darasa la saba asingeikubali.

Nikatengeneza jedwali dogo la masalio ya kufunga mwezi. Kila mwanachama ana rekodi moja kwa kila mwezi. Salio la leo ni salio la mwezi uliopita jumlisha miamala ya mwezi huu tu. Miezi iliyofungwa haiguswi. Mtu akirekebisha muamala wa zamani, marekebisho yanaingia kama muamala mpya wa leo, kama wahasibu walivyofanya siku zote. Ripoti iliyokuwa inakokota kwa dakika nzima ikawa inatoka kabla hujashusha kikombe. Hakuna kitabu cha kompyuta kilichonipa wazo hilo kwa lugha nyepesi kama ile.

Kuhusu mipangilio ya kumbukumbu nitasema machache, kwa sababu ndiko watu wanakoanzia wakati kulipaswa kuja mwisho. Kuna ushauri maarufu wa kuipa innodb_buffer_pool_size, sehemu ya kumbukumbu ambamo MySQL huweka data inayoitumia, hadi asilimia 80 ya RAM. Ushauri huo ni wa mashine ambayo kazi yake ni kanzidata peke yake. Mimi niliunakili kwenye seva yangu ya GB 2 yenye PHP ndani, na jioni moja Linux, mfumo endeshi wa seva, ilipoishiwa kumbukumbu, ikachagua mchakato mnono kuliko yote ikauua. Mnono ulikuwa MySQL. Sasa imekaa MB 512, zaidi ya MB 128 za kuanzia, na kwa jedwali langu inatosha. Na ukikuta makala ya zamani inakuhimiza uwashe query_cache, akiba ya majibu ya maswali yaliyokwisha kuulizwa, ifunge makala hiyo. Ilishaondolewa kwenye MySQL 8.0, na ukiandika query_cache_size kwenye faili la mipangilio seva itagoma kabisa kuwaka. Nimemwona kijana akihangaika na hilo usiku wa manane, akidhani amevamiwa.

Sisemi seva kubwa ni dhambi. Data unayoigusa kila siku ikishazidi RAM, na maswali yako umeshayakagua yote, hapo unalipa na unalipa kwa haki. Na kuna ofisi ambazo saa moja ya mtaalamu ni ghali kuliko mwaka mzima wa mashine kubwa. Hao wanunue tu. Ninachokataa ni mtaalamu kumwandikia barua mwenyekiti wa chama cha mama ntilie kabla hajaandika EXPLAIN. Tena mashine kubwa mara mbili, kwa swali linalosoma jedwali zima, inakununulia muda tu: miamala inaongezeka kila siku, na baada ya mwaka mmoja au miwili utarudi kwa mwenyekiti yule yule na barua ile ile.

Wiki mbili baada ya kazi ile dada wa kaunta alinipigia. Moyo ukanidunda. Alitaka tu kujua kama tumebadilisha kampuni ya intaneti, maana siku hizi mambo ni moto. Nikafikiria nimweleze habari za faharasa, na simu, na DATE(). Nikamwambia ndiyo dada, tumebadilisha.

Ripoti ya gawio bado inachukua sekunde sabini. Naijua, ipo kwenye daftari la polepole, na najua hata ni mstari gani unaoichelewesha. Lakini inaendeshwa mara moja kwa mwaka, baada ya mkutano mkuu, na anayeisubiri ni mhasibu peke yake, akiwa na soda mkononi. Sijaigusa.